Ukurasa wa Pili wa Mkataba

Bugarama,
Jumamosi, alasiri.

Kabula mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nimekuona asubuhi ukipanda gari la Kahama na mama yako, umevaa viatu vipya ambavyo vinakubana na hutaki kukiri. Mmekwenda kuchapisha karatasi yako ya mtihani na kumuaga shangazi, na mama yako amesema mtarudi jua likizama. Nina muda wa saa tatu basi, mimi na kalamu hii. Nimefunga mlango wa kibanda ili wateja wadhani sipo. Moko zao, patasi zao zile za kuvunjia mwamba, zimelala hapa sakafuni na ubutu wao, na leo hazinolewi.

Kesho unakwenda Dodoma. Habari za chandarua, nauli, na kutomfungulia mtu mlango usiyemjua, mama yako ameshazisema, na atazirudia mpaka dereva awashe gari. Hapo sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu. Ningelisema kwa mdomo kama mdomo wangu ungekuwa hodari kama mikono yangu. Wiki hii nimejaribu mara tatu. Jumanne nilikuja mpaka pale ulipokaa na kitabu, nikasimama, nikakuuliza kama taa inakutosha. Ilikuwa saa nane mchana. Ulinitazama kama mtu anayejiuliza baba ameanza kuzeeka lini.

Jambo lenyewe ni lile swali la nne.

Unalikumbuka. Ulikuwa unafanya zoezi la mtihani wa kuingia kusomea sheria, sehemu ile ya kusoma habari ndefu kisha kujibu maswali. Una desturi ya kunitafsiria kwa sauti wakati mimi nanoa, kwa sababu unasema jambo usiloweza kumweleza baba yako kwa Kiswahili, basi hujalielewa. Siku hiyo habari ilihusu mawakili wanaokubali kesi bila kulipwa kitu mwanzoni. Mteja akishinda, wakili anachukua sehemu ya alichoshinda. Akishindwa, wakili hapati ada yake. Mwandishi alieleza wanaoupenda mpango huo wanasemaje, na wanaouogopa wanasemaje. Swali la nne likauliza: kwa mujibu wa habari uliyosoma, mwandishi ana maoni gani?

Wewe ukachagua C, kwamba mpango huo ni njia ya mawakili kujinufaisha kwa ujinga wa wateja. Jibu la nyuma ya kitabu lilikuwa D, kwamba mpango huo humfungulia mlango wa mahakama mtu asiye na fedha, ila mteja anapaswa kuelezwa wazi ni mzigo gani unaobaki juu yake.

Ukakasirika. Ulisema kitabu kimekosea. Na mimi, baba yako, niliweka tupa chini nikasema, "Kitabu hicho hakijawahi kuishi huku kwetu." Tukacheka wote wawili. Ukaandika pembeni kwa penseli, "Si kweli," ukapiga mstari mara mbili. Katika maswali sita ya habari ile ulikosa matatu, na yote matatu yalihusu jambo hilohilo.

Mwaka jana ulipokosa nafasi ulisema muda haukutosha. Nami nikakubali, nikawaambia hata majirani kwamba mtihani ule wanawabana watoto kwa saa. Lakini nimekuona ukisoma, Kabula. Wewe husomi polepole. Unasoma upesi na vizuri mpaka ukutane na neno wakili na neno fedha katika mstari mmoja. Hapo huisomi tena habari iliyo mbele yako. Unasoma habari niliyokuambia mimi.

Kitabu hakikukosea. Mimi ndiye niliyekosea, na wewe unakosa maswali kwa sababu yangu. Nisipokuambia leo utakwenda kukosa tena, na mara hii sitakuwa na pa kuuficha uso wangu.

Habari unayoijua ni hii. Ulikuwa na miaka tisa, tukiishi kule kitongojini, kabla hatujahamia hapa. Juu ya mashamba yetu kulikuwa na mtu mwenye mtambo mdogo wa kuchenjua dhahabu, aliyejenga bwawa la maji machafu kwa udongo mtupu. Masika ile ukingo ukabomoka, matope yakashuka kwenye mashamba ya kaya saba. Mahindi yakakauka yakiwa hayajafika goti. Akaja wakili, akatuambia hatutalipa kitu tukishindwa. Tukashindwa, na bado tukadaiwa. Mama Nshoma, mjane wa watu, akauza ng'ombe wake wawili wa kulimia. Wakili mwizi, mwisho wa habari.

Nimekusimulia hivyo tangu una miaka kumi na mmoja. Kila niliposimulia niliongeza chumvi kidogo. Mara wakili alikuwa na saa ya dhahabu, mara alikuwa na tumbo. Alikuwa kijana mwembamba, mwanangu, suruali yake nyekundu kwa vumbi maana alikuja kwa pikipiki ya kukodi, na saa yake ilikuwa ya plastiki. Sasa nikuambie ilivyokuwa.

Wakili yule alitukuta wote uani kwa Mama Nshoma. Alisema hivi, na nayakumbuka maneno yake kwa sababu yalikuwa machache: tukishinda, atachukua asilimia thelathini. Tukishindwa, ada yake imepotea. Kisha akatoa mkataba wa kurasa tatu, kwa Kiswahili, akasema tusome vizuri na mwenye swali aulize.

Wote wakanigeukia mimi. Wengine hawakujua kusoma, na waliojua walikuwa na aibu ya kusoma mbele za watu. Lakini hawakunigeukia kwa kusoma tu. Unajua kazi yangu ilikuwa ipi enzi zile. Kwenye duara letu, shimo tulilochimba watu kumi na wanne, mimi ndiye niliyegawa viroba vya mawe. Mwenye shamba viroba vyake, mwenye duara vyake, sponsa aliyeleta pampu na chakula vyake, na wachimbaji vyao. Nilivipanga kwa mistari pale mdomoni mwa shimo, na hakuna aliyewahi kurudisha kiroba akisema nimempunja. Hata waliogombana kwa mambo ya wanawake walikubaliana kwamba Baba Kabula anagawa kwa haki. Nilijivunia jambo hilo kuliko nilivyojivunia nyumba.

Na unajua sheria ya duara. Mawe yakitoa dhahabu, kila mtu anapata mgao wake. Mawe yakiwa makavu, hakuna anayemdai mwenzake. Sponsa aliyenunua dizeli, dizeli yake imekwenda. Mwenye matimba, miti ile ya kuzuia shimo lisiporomoke, matimba yake yamekwenda. Mchimbaji, jasho lake limekwenda. Kila mtu analala na hasara yake, na asubuhi mnasalimiana.

Nikashika ule mkataba, nikasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti. Nikaona asilimia thelathini. Nikaona "wakili hatadai ada." Nikainua kichwa nikawaambia, "Jamani, huu ni mgao wa duara. Yeye ndiye sponsa, kesi ndiyo shimo. Likiwa kavu, kila mtu na lake."

Watu wakashusha pumzi. Jambo la mahakama lililowatisha likawa ghafla jambo wanalolijua. Nilijisikia mkubwa, Kabula. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili ili nikimbilie rashi, dhahabu ilipolipuka kule Geita na vijana wote tukaacha madaftari, na kila siku nilitamani siku moja mtu anione msomi. Siku ile ilikuwa imefika. Kufungua ukurasa wa pili ilikuwa kama kukiri kwamba sijaelewa wa kwanza.

Wakili akauliza tena kama kuna swali. Mama Nshoma alifungua mdomo. Nilimwona kwa macho yangu. Nami nikasema, "Hakuna swali, mheshimiwa."

Akaufunga. Tukatia saini, wengine dole gumba.

Kipengele cha sita, ukurasa wa pili, kinasema hivi: gharama za kufungua shauri, za mtaalamu wa kupima udongo na za safari za mashahidi zitakuwa juu ya wateja, washinde au washindwe. Mistari mitatu, maneno ya kawaida. Hata mtoto wa darasa la tano angeielewa. Ada ni jambo moja na gharama ni jambo jingine. Kwenye duara havitenganishwi, vyote vinashuka shimoni pamoja. Kwenye karatasi ile vilitenganishwa, na mimi sikufika pale.

Ona sasa. Mimi ni mtu niliyekuwa nikiokota jiwe nikaligeuza pande zote, nikalilamba, nikalipeleka juani, nikalirudisha kivulini, kabla sijasema lina dhahabu au halina. Jiwe nililisoma lote. Karatasi iliyobeba mashamba ya kaya saba niliisoma upande mmoja.

Hilo ni kosa la kwanza, na kwa hilo peke yake nisingekuwa nimefunga mlango mchana huu. Mtu hukosea. Bibi yako wa Mhunze angesema hata kuku wa kienyeji hukanyaga kifaranga chake.

Kesi ilikwenda miaka miwili. Tukashindwa, kwa sababu udongo ulipimwa mvua mbili zikiwa zimeshauosha. Ikaja barua ya wakili yenye orodha ya gharama, na ada hakudai hata senti. Barua ilifika asubuhi kwangu, maana mimi ndiye niliyeandikwa mwakilishi. Nikaenda kwenye sanduku, nikautoa mkataba, na kwa mara ya kwanza nikafungua ukurasa wa pili. Nilisoma kipengele cha sita nikiwa nimesimama. Nikakisoma tena nimekaa.

Jioni watu wakakusanyika uani palepale. Mkataba nilikuwa nao mfukoni mwa shati. Mama Nshoma ndiye aliyeuliza, kwa upole kabisa, hakuwa na hasira: "Baba Kabula, jambo hili lilikuwa limeandikwa?"

Nikasema, "Halikuandikwa, mayu, mama yangu. Ametuibia."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lilitoka lenyewe, na lilipotoka niliona nyuso zao zikipoa, kwa sababu kuibiwa na mgeni ni afadhali kuliko kuangushwa na mtu wako. Nikajiambia nimewapa kitu cha kushika. Uongo mtupu. Nilijipa mimi.

Mtendaji wa kijiji akatuita, akasema mmetia saini, lipeni. Tukalipa. Mimi niliuza baiskeli na mgao wangu wa duara, ndiyo sababu tukahamia hapa nikaanza kunoa. Mama Nshoma akauza Fundi na Bahati, ng'ombe wale waliokuwa wakikupisha njia wenyewe ukienda shule. Tangu hapo analimiwa kwa kukodi, yaani analimiwa wa mwisho, kila mtu akishamaliza lake.

Na kuna jambo sijawahi kumwambia hata mama yako. Baada ya miezi michache wakili yule alirudi. Alileta stakabadhi zote, kila shilingi ya mpima udongo na ya basi la mashahidi, ili tuone hakuchukua kitu. Hatukumruhusu ashuke kwenye pikipiki. Tulimzomea. Mimi nilikuwa katikati ya watu nikizomea, na nilizomea kuliko wengine, kwa sababu niliogopa akishuka atataja ukurasa wa pili. Alinitafuta kwa macho akanipata. Akageuza pikipiki na bahasha yake ya stakabadhi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka mingi, kwa sababu nilikuwa na wewe wa kuisindikiza. Siku moja ukiwa darasa la sita ulisimama mbele ya bibi ukasema utakuwa wakili asiyeiba. Watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga pia. Ndoto yako ni nzuri, mwanangu, na ni yako, hata kama nilikupa sababu mbovu ya kuiota. Unajua kubishana, huvumilii mtu kuonewa, na una kichwa kigumu kuliko mbuzi wa mama yako. Hayo yote si uongo. Basi likatae lile moja lililo uongo, mengine uende nayo Dodoma.

Sikutaka kukuandikia barua ya mambo ninayonuia kufanya. Nia zangu unazijua, choo kile kimenuiwa miaka mitatu. Kwa hiyo juzi Alhamisi, niliposema nakwenda kutafuta mkaa wa kufulia chuma, sikwenda kutafuta mkaa. Nilikwenda kitongojini kwa Mama Nshoma.

Nilimkuta anapukuchua karanga. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari zako kabla ya zangu, kama afanyavyo siku zote. Nikamwambia nimekuja kumsomea karatasi. Akasema karatasi gani tena, na vidole vyake havikuacha karanga. Nikautoa mkataba, nikafungua ukurasa wa pili, nikamsomea kipengele cha sita. Sauti yangu haikuwa nzuri. Akaniambia rudia. Nikarudia. Nikamweleza kwamba siku ile aliponiuliza nilikuwa nao mfukoni, na nilikuwa nimeusoma.

Akapukuchua kama konzi mbili nyingine. Kisha akasema, "Baba Kabula, yule kijana nimemlaani miaka yote hii. Kila nikiona jirani ana ng'ombe, namlaani. Sasa laana ile niirudishe wapi?"

Nikasema tu, "Ni yangu, mayu."

Akaniambia, "Siitaki tena hata mimi. Nimechoka nayo."

Hakusema amenisamehe. Usije ukadhani nakuandikia habari ya watu wawili waliokumbatiana. Aliniuliza kama nina jozi ya ng'ombe, nikasema ninayo, ile ya kuunganisha ng'ombe wangu mmoja na mmoja wa mjomba wako. Akasema mvua za kwanza zikidondoka, shamba lake litalimwa kabla ya langu, na si mwaka huu tu. Nikakubali. Akasema pia ukurasa ule ubaki kwake. Wajukuu zake wanakwenda shule, mmoja atamsomea kila atakapotaka. Nikauchomoa nikampa. Akaukunja akautia ndani ya kitenge kiunoni, akarudi kwenye karanga zake, nikajua mazungumzo yamekwisha.

Kaya tano zilizobaki nitazifikia moja moja baada ya wewe kuondoka. Mbili zimehamia mbali, nitatafuta nauli. Mama yako atayajua kesho, gari lako likishaondoka, kwa sababu sitaki alie mara mbili kwa siku moja kituoni. Kuhusu yule wakili, nimeuliza. Wanasema yuko Kahama bado, ana ofisi ya chumba kimoja. Nitakwenda. Sijui nitasema nini, lakini miguu ninayo na njia naijua. Yeye nitamwacha mwisho, na hapo ujue bado kuna woga, sitakudanganya tena hata kwa hilo.

Sasa turudi kwenye mtihani, maana ndio unaoondoka kwa ajili yake.

Mtihani haukuulizi wewe uliumia wapi. Unauliza mwandishi amesema nini. Nilipokuwa shimoni nilijifunza kutoamini jiwe kwa sababu tu duara la jirani limetoa, na wewe usiamini habari kwa sababu tu inafanana na ya kwenu. Uchungu wako siwezi kukuambia uutupe. Utie mfukoni wakati unasoma. Ukifika mwisho wa ukurasa wa mwisho, utoe kama bado unauhitaji, na mara nyingine utakuta ni wa mtu mwingine kabisa.

Nimelifanya lile swali la nne mwenyewe, kwa tafsiri yako uliyoiandika daftarini. Nimelisoma siku mbili. Yule mwandishi hasemi mawakili ni malaika. Anasema mtu asiye na kitu bila mpango huo asingefika mahakamani kabisa, na hilo ni kweli, maana sisi tusingefika. Na anasema mtu huyo aelezwe mzigo unaobaki kwake. Hapo ndipo nilipojibu moyoni kwamba yule kijana naye alikuwa na sehemu yake ya kosa. Aliona madole gumba manne na hakusoma yeye kwa sauti. Alinikabidhi mimi, kwa kuwa nilionekana najua. Siku utakapokuwa umekaa uani kwa watu na mkataba wako, na wote wamenyamaza, na mwanaume mmoja amesimama kasema hakuna swali, mheshimiwa, usimwamini. Tazama nani alifungua mdomo akaufunga. Muulize huyo.

Lakini hilo ni la baadaye. Kwanza upite. Na utapita, Kabula. Nasema hivi bila kukubembeleza, maana nimekuona ukirudia jambo mara saba bila kuchoka, na mwaka huu hutakuwa na baba yako anayekuchekea makosa mezani. Ukikosa tena, rudi nyumbani kichwa juu, tutatafuta njia ya tatu. Sijauza baiskeli nyingine, lakini kuna vitu vya kuuza.

Nasikia gari. Si lenu, ni la maji. Bado nina muda kidogo, ila kalamu imeanza kufifia.

Ndani ya bahasha hii nimetia mkataba wenyewe. Ukurasa wa kwanza utaona umechakaa, umepasuka kwenye mikunjo, kwa sababu huo ndio niliokuwa nikiwaonyesha watu. Wa pili ni fotokopi, nimeitoa stesheneri hapa jirani kabla sijaupeleka kwa Mama Nshoma. Kijana wa mashine aliushika akaniambia, "Mzee, huu mbona mpya?" Ulikuwa mweupe kabisa, haujaguswa.

Usome wote, kuanzia juu hadi kwenye dole gumba la mwisho. Kisha fungua kitabu chako, ufute kwa ufutio yale maneno uliyoandika pembeni ya swali la nne. Na siku ya mtihani, ukikutana na wakili na mteja wake na asilimia zao, na moyo ukaanza kukimbia kunitetea, uuache usimame kwanza. Mimi sina kesi inayohitaji utetezi. Nimeshakiri.

Soma ukurasa wa pili, mwanangu.

Baba yako.